Msimsifu Anna May kwa Kufa Vizuri

Papa uliyeandika katika toleo lililopita juu ya Anna May Wong, nakuheshimu, umri wako ni wa baba yangu, lakini kuna mahali umenichoma na nisipojibu sitalala. Uliwaambia mabinti wa hapa Nakivale wamtazame huyo mama wa sinema bubu wajifunze uvumilivu. Ati alipokea kila nafasi aliyopewa, hakunung'unika, na malipo yake ni kwamba leo uso wake uko kwenye sarafu ya Marekani. Sarafu ipo, hilo kweli. Ni ya senti 25, ilitoka mwaka 2022, na yeye ndiye Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwekwa kwenye fedha ya nchi hiyo. Lakini hakunung'unika? Papa, huyo mama alinung'unika gazetini, kwa jina lake, chini ya kichwa cha habari kinachosema anapinga.

Mimi nampenda kama wewe, labda kukuzidi. Nilimjua kwenye kibanda cha video, usiku ambao yule kijana anayetutafsiria filamu hakuja. Mwenye kibanda akasema basi, niwawekee moja isiyohitaji mtafsiri, hawaongei humo. Tulicheka. Akaweka Piccadilly, filamu iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1929. Mule ndani tulikuwa Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wawili. Dakika za kwanza watu walipiga kelele, wengine wakadai pesa yao. Halafu ikaja jikoni mwa kilabu kimoja cha London, wanawake wanaosha vyombo, na mmoja wao, Shosho, amepanda juu ya meza anacheza huku wenzake wameacha kazi wanamtazama. Hachezi kwa nguvu. Anazungusha kiuno polepole kama mtu anayewaza jambo lingine, na macho yake yanajua kabisa kwamba anatazamwa. Kibanda kizima kikanyamaza. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, «Huyu hajaja kuosha sahani.»

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Baadaye nilitafuta nyingine kwenye simu, bando likaisha, nikanunua tena. Ile iliyonikamata zaidi ni The Toll of the Sea ya mwaka 1922. Alikuwa na miaka 17 tu. Ni msichana wa Kichina anayependa Mmarekani, wanaoana kwa desturi ya pale, mwanaume anaondoka kwenda kwao na kumwacha na mimba. Wanawake wa mtaa wanamcheka kwamba bwana haandiki. Sasa yeye anafanya nini? Anajiandikia barua mwenyewe, anajifanya imetoka kwa mume. Nilipoirudia kwenye kibanda tukiwa akina mama tu, pale hakuna aliyecheka. Tuko na wenzetu humu ambao bwana alipata safari ya Canada au Australia, simu ikawa kila wiki, ikawa kila mwezi, halafu wao ndio wanaotuambia «alipiga jana, anawasalimia», na sisi tunajua hakuna aliyepiga. Huyo msichana aliigiza jambo hilo bila sauti, uso wake karibu hausogei. Machozi yanakuja yenyewe. Ukitaka kusema ni mwigizaji mkubwa, anzia hapo, usianzie kwenye nywele na magauni.

Mwisho wa hiyo filamu mume anarudi na mke wa kizungu, msichana anawapa mtoto wake na anajitupa baharini. Ila sisi hatukumwona akijitupa. Mikanda miwili ya mwisho ilipotea, na wahifadhi wa filamu wa chuo kikuu cha UCLA walipoitengeneza upya walichukua kamera ya zamani ya aina ileile wakapiga picha ya jua linatua pwani ya California, wakaiweka mwishoni. Unaona maji tu. Binti yangu alibisha usiku kucha kwamba hakufa.

Turudi kwenye hoja yako, Papa. Ulisema alikuwa «mgeni aliyevumilia ugenini». Ugeni upi? Alizaliwa Los Angeles, tarehe 3 Januari 1905. Baba yake, mwenye duka la dobi, naye alizaliwa California. Mtoto alikuwa anakula njama na pesa ya chakula cha mchana ili aingie sinema. Hakuna nchi nyingine aliyoijua. Lakini tangu mwaka 1882 Marekani ilikuwa na sheria ya kuzuia Wachina kuingia, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka 1943. Kwa hiyo raia kama yeye akitaka kusafiri na kurudi kwao, alijaza kwanza fomu namba 430. Kichwa cha fomu hiyo, nikikigeuza kwa Kiswahili, ni ombi la mtu «anayedaiwa kuwa raia wa Marekani wa jamii ya Kichina». Anayedaiwa. Picha yake alikuwa nayo kwenye mabango mjini, na mwaka 1924, mwaka uleule alioonekana na Douglas Fairbanks katika The Thief of Bagdad, alikuwa anachukua hati ya utambulisho yenye picha, ili asije akafungiwa mlango wa nchi aliyozaliwa. Sisi wa Kivu hatuhitaji mtu atufafanulie. Tunawajua watu ambao babu zao wamezikwa palepale wanapolima, na bado wanaulizwa, lakini nyinyi hasa mmetoka wapi?

Na kwenye filamu walimfanyaje? Walimwua. Wewe uliandika kwamba «kila filamu ilimwongezea umaarufu», nami nimehesabu vifo. Ndani ya The Toll of the Sea, bahari. Ndani ya Song, aliyoicheza Ujerumani mwaka 1928, anaanguka kwenye visu. Shosho anapigwa risasi. Daughter of the Dragon ya 1931, risasi tena. Limehouse Blues ya 1934, anajiua mwenyewe. Sababu haikuwa siri: Mchina hakuruhusiwa kumpata mzungu mwisho wa hadithi, kanuni za sinema za Marekani zilikataza mapenzi ya rangi mbili, na wazungu ndio waliopewa kuwa mashujaa hata shujaa akiwa Mchina. Basi mwanamke mzuri hivyo utampeleka wapi? Kaburini. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba juu ya kaburi lake waandike kuwa alikufa mara elfu moja.

Hela nazo zilikuwa hivyohivyo. Katika hiyo Daughter of the Dragon yeye ndiye binti anayetajwa kwenye jina la filamu, akalipwa dola 6,000. Warner Oland, mzungu wa Sweden aliyepakwa rangi kuwa Mchina, hakukaa hata nusu saa kwenye picha, alipata 12,000.

Huo uvumilivu unaousifu, Papa, yeye mwenyewe uliisha mapema. Mwaka 1928 alifunga mizigo akaenda Ulaya. Ujerumani akajifunza Kijerumani, na sauti zilipoingia kwenye filamu alicheza hadithi moja mara tatu, kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. (Sisi tunaoongea lugha tano na bado tunaitwa wasiosoma, tusipite hapo haraka.) Mwaka 1933 akiwa London aliliambia gazeti la Film Weekly kwamba amechoka: kwa nini Mchina wa kwenye sinema awe daima muuaji, msaliti, nyoka wa majani? Watu wenye ustaarabu mkongwe hivyo, alisema, hawako hivyo. Halafu ikaja The Good Earth, filamu ya kampuni ya MGM juu ya wakulima wa China, ambayo ilitoka 1937. Kila mtu alijua nafasi ya mama mkulima ni yake. Wakampa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, kwa sababu mume alishawekwa mzungu, Paul Muni. Rainer akapata Oscar. Sina ugomvi naye, naye alikuwa Myahudi kutoka Ulaya ya miaka ile, tunajua maana yake. Anna May walimfanyia majaribio ya nafasi ya hawara, yule wa kuvuruga nyumba. Alikataa. Aliona wazi kwamba kati ya wote hao yeye mwenye damu ya Kichina ndiye anayeombwa awe mbaya.

Mbona hilo hukuliandika?

Najua kwa nini, na hapa nitasema la nyumbani, maana bila hilo hata nisingeshika kalamu. Mimi ni mwigizaji. Kila mwaka siku ya wakimbizi, tarehe 20 Juni, wageni wanakuja na magari, na kikundi chetu kinaitwa kucheza. Mchezo unaletwa umeshaandikwa. Mimi nimekuwa mama aliyefiwa na mtoto njiani mara nne, mama aliyefia ziwani mara mbili, na mara moja maiti tangu mwanzo mpaka mwisho, nimefunikwa kikwembe, nasikia watu wanalia juu yangu na nzi wananitembea mguuni. Nalia vizuri, kila mtu anasema. Mwaka juzi nilipeleka mchezo wangu mwenyewe, wa kuchekesha, juu ya wake wawili wanaogundua kwamba mume mmoja kajiandikisha mara mbili. Mwenye kusimamia aliusoma palepale, akacheka kabisa, nilimwona. Akanirudishia. «Mzuri, mama, lakini hautawagusa wageni.»

Na wewe Papa ulikuwepo! Uliniambia, «Mwanangu, kazi ni kazi, chukua posho.» Nikachukua. 20,000 si kitu cha kutupa, ilinunua maharage na daftari. Kwa hiyo usifikiri nakutukana wewe peke yako.

Anna May naye alichukua. Sitaficha. Alikubali kuwa binti wa yule mwovu Fu Manchu kwa ajili ya pesa na ahadi ya filamu nyingine, na magazeti ya China yalimlaumu kwamba anaaibisha taifa. Alipokwenda China mwaka 1936 kwa mara ya kwanza maishani, lawama hizo zilimpokea. Huku Marekani wanamwambia wewe ni Mchina mno, huko wanamwambia wewe ni kibaraka wa Wamarekani. Mtu akitaka kumsema kwa nafasi alizopokea, aseme. Lakini asigeuze njaa yake kuwa fadhila. Kusema «alivumilia» ni kuwasafisha waliomfanya avumilie, halafu wanaweka uso wake kwenye sarafu na hesabu imefungwa.

Kwangu mimi alichoacha kiko mahali pengine. Katika Shanghai Express ya 1932, pembeni ya Marlene Dietrich, anacheza Hui Fei, anamchoma kisu aliyemdhulumu, na treni ikifika anashuka mzima anakwenda zake. Mwaka 1937, mwaka uleule wa The Good Earth, alicheza Daughter of Shanghai. Humo yeye ni mwanamke anayefuatilia genge linalosafirisha watu kwa magendo na kuwatupa kama mizigo. Aliyemuua baba yake anapatikana, na mwishoni Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea, anamwomba amuoe. Haanguki kwenye kisu. Ni filamu fupi ya bei rahisi, hata saa moja na nusu haifiki, na mimi ningeitoa sarafu zote nibaki nayo. Mwanamke kama yeye hakuonyeshwa hivyo mpaka yeye aanze kusema hapana.

Mwaka 1951 akapata hata mfululizo wa televisheni uliobeba jina lake la Kichina, The Gallery of Madame Liu-Tsong. Hakuna sehemu yake inayojulikana kubaki. Alikufa tarehe 3 Februari 1961, ana miaka 56, akazikwa pamoja na mama yake.

Sasa Papa, mwaka huu wameshaleta karatasi. Mimi ni mama anayezama Tanganyika, na safari hii wanataka mtoto halisi nimbebe. Mazoezi yanaanza Jumatatu. Nimewapelekea kurasa sita zangu: fundi cherehani pale Base Camp, mteja hataki kulipa, fundi anamvalia nguo yake kanisani. Hakuna anayekufa. Wamesema watanijibu, na posho wameshanionyesha, safari hii ni 30,000, na mtoto wangu wa pili anadaiwa ada.

Tarehe 20 njoo ukae mbele. Ukiniona nimesimama na futi ya kupimia shingoni, piga makofi. Ukiniona nimelala nimefunikwa kikwembe, usiniambie nimelia vizuri.