Kinyaa na Kiu

Liko neno ambalo likitamkwa hapa Kiamunyi hukunja nyuso za wazee na kuwachekesha vijana. Neno lenyewe ni kwamba maji yaliyokwisha kutumika bafuni na chooni yaweza kusafishwa hata yakarudi mezani kunywewa. Nilipolitamka darasani wavulana waliziba pua, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Mwalimu, afadhali kufa kwa kiu." Sikumkemea, kwa kuwa alisema kwa ufupi yale ambayo watu wazima huyasema kwa urefu. Lakini kinyaa ni hakimu mbaya, na leo nataka kumshitaki mbele yako.

Shtaka langu ni hili: kinyaa huyauliza maji yametoka wapi, wala hakiyaulizi yana nini. Kwa sababu hiyo hukataa maji yaliyopimwa, kikapokea kwa mikono miwili maji ambayo hakuna aliyeyapima.

Tuanze na hayo unayokunywa sasa. Kiamunyi imekaa chini ya Menengai, kando ya barabara iendayo Eldama Ravine, na nyumba zake zimeongezeka upesi kuliko mabomba. Nyumba nyingi zina shimo lake la kupokea uchafu wa choo na jiko, na maji ya shimo hayakai shimoni. Huzama ardhini, na ardhi huyachuja kwa kadiri iwezavyo. Ikiwa karibu na hapo pana kisima kifupi, basi mwenye kisima anywa maji yaliyokwisha kutumika na jirani yake, ila hana habari. Au tazama Mto Njoro. Hushuka kutoka Msitu wa Mau, ukapita mashamba, Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, hata ukaingia Ziwa Nakuru. Njiani ng'ombe huingia mtoni, nguo hufuliwa, na punda hushushwa na mapipa yao kuteka. Mwenye mkokoteni akikuuzia mtungi wa lita 20, humwulizi kitu ila bei. Kinyaa chako kimelala wakati huo.

Labda wasema kwamba wewe wanywa maji ya mvua tu. Haya, fuata maji ya mjini Nakuru yakiisha kutumika. Hupelekwa kwenye mitambo miwili ya majitaka, yakatuama katika madimbwi, yakasafishwa, kisha yakaachiliwa kuelekea Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto utokao. Njia kubwa ya maji yake kuondoka ni kupanda angani yakiwa mvuke. Mvua ikishuka, waweka pipa chini ya mfereji wa paa na kuyasifu kuwa maji ya Mungu. Ni ya Mungu kweli, wala sikuombi uyamwage. Nakukumbusha tu kwamba duniani maji ni yale yale tangu kale, na hakuna tone lisilopata kupita katika mwili wa kiumbe au katika matope.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana naliona kila siku wanafunzi wanaponichekea. Wengi wao wana meno yenye madoa ya kahawia, na wengine hufunika midomo kwa mkono wakicheka. Madoa hayo hayakuletwa na uvivu wa kupiga mswaki. Yameletwa na madini ya floraidi, ambayo maji huyachukua katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya bonde hili hupita kikomo hicho. Mtoto akiyanywa maji hayo miaka ile meno yake yanapojengeka, alama hudumu. Na kiasi kikubwa kwa muda mrefu huharibu hata mifupa. Floraidi haionekani, hainuki, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yakipungua sufuriani yenyewe hubaki. Hayo ndiyo maji yanayong'aa katika bilauri, na kinyaa hakijapata kuyakunjia uso.

Ajabu ni kwamba hapa hapa kwetu kinyaa kimekwisha kushindwa mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya kuondoa floraidi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuru hata nyama na mafuta vyote vikateketea, ikasagwa, na maji yakapitishwa humo. Makaa huishika floraidi. Wako watu wanaoyanywa maji hayo, na watoto wao hucheka bila kufunika midomo. Ukitaja mifupa tu, mtu atageuza uso. Ukimweleza kazi ya tanuru, atakinga kikombe.

Kwingineko wamekwenda mbali zaidi. Mji wa Windhoek katika Namibia, nchi kavu kupita yetu, ulianza mwaka 1968 kusafisha majitaka na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa. Mtambo mpya ulifunguliwa mwaka 2002, nao waweza kutoa lita milioni 21 kwa siku. Maji hupitishwa katika gesi ya ozoni, makaa na vichujio vyembamba kuliko kijidudu, na hupimwa mfululizo. Yakionekana na kasoro hayaendi mjini. Singapore ilianza kazi kama hiyo mwaka 2003, ikayapa maji hayo jina jipya, kwa kuwa ilijua kwamba mtu hunywa jina kabla ya kunywa maji. (Sisi twasema "majitaka", na neno likiisha kutoka kinywani kesi imekwisha.) Lakini katika mwaka 2006 watu wa Toowoomba, Australia, wakiwa katikati ya ukame, walipiga kura juu ya jambo hili, na zaidi ya nusu wakakataa. Kwa hiyo usidhani kwamba kinyaa ni ugonjwa wa wasiosoma.

Hapa sina budi kuwapa wapinzani wangu haki yao. Mzee mmoja, jirani yangu, aliniambia: "Mwalimu, mashine naiamini. Siamini mtu atakayeilinda usiku." Neno hilo halikutoka katika kinyaa, limetoka katika akili, nami sina jibu jepesi. Mtambo wa namna hiyo ukiachwa siku moja bila mlinzi mwaminifu ni hatari, na gharama yake si ndogo. Sisemi kwamba Nakuru iujenge kesho. Walakini shaka hiyo ya mzee yafaa kuenea kote: imfikie mwenye kisima, mwenye lori la maji, mwenye mkokoteni, na anayejaza chupa za dukani. Kwa nini tumwekee mlinzi mmoja tu, na wengine tuwaache wapite? Wala tusiseme kwamba maji safi yako njiani kutoka mbali. Bwawa la Itare kule Kuresoi, lililoanza kujengwa mwaka 2017 ili kuiletea Nakuru maji, kazi yake ilisimama mwaka uliofuata, na mitungi ya Kiamunyi ikaendelea kupanga foleni.

Basi, ndugu msomaji, Jumamosi mkokoteni ukisimama langoni kwenu, mwulize mwuzaji maji yake yalipimwa lini, floraidi yake ni ngapi, na nani alitia sahihi. Atakucheka kama darasa langu lilivyonicheka. Mwulize tena Jumamosi ya pili. Nami, siku mji utakapoleta maji yaliyosafishwa upya na kubandika vipimo vyake kila juma ukutani mahali ambapo mtoto wa shule aweza kuvisoma, nitajaza bilauri na kuinywa mbele ya msichana yule wa mstari wa mbele. Vipimo visipobandikwa, nitaziba pua pamoja naye.