Dawa za metali dhidi ya virusi: Makupa tushangilie ama bado?

Uliza msee yeyote wa Makupa aliyeshikwa na chikungunya ile ya mwisho wa 2017 kuingia 2018. Homa iliisha, lakini kuna wenye viungo viliwauma miezi mingi. Ukienda hosi unapewa Panadol na kuambiwa unywe maji, upumzike. Si ati daktari anakuchezea. Hadi leo hakuna dawa ya kumaliza virusi vya chikungunya wala dengue.

Ndiyo maana hii stori ya dawa za metali inatuhusu.

Cheki, chikungunya, dengue na Korona zote hubeba maagizo yao kwa RNA, uzi unaojikunja na kufanya mafundo. Dawa nyingi hulenga protini, na virusi vikibadilika dawa inakosa pa kushika. Lakini kuna mafundo ya RNA yasiyobadilika ovyo, juu yakiharibika virusi vinashindwa kuzaana. Hapo metali inaingia. Ina chaji chanya, RNA ina chaji hasi, so zinavutana. Tena metali hushikilia umbo la molekuli, kama vyuma ndani ya slabu, ndio itoshee kwa fundo. 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na wenzao walionyesha molekuli kama hizo zikishika RNA ya Korona na kuizuia kuzaana ndani ya seli.

Tusipagawe lakini. Seli za maabara si mwili wa mtu. Cisplatin, dawa ya kansa yenye platinamu iliyoidhinishwa Marekani 1978, inaokoa watu lakini inaweza kuumiza figo. Dawa ya virusi lazima ipite mtihani huo.

Na swali kubwa ni hili: nani atatoa doh zijaribiwe kwa virusi vyetu? Korona ilitikisa matajiri, pesa ikamwagika. Chikungunya iligunduliwa hapo Tanganyika 1952, jina lake ni la Kimakonde, na bado tunangoja dawa.

Kwa sasa, funika mitungi. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwa maji tunayoweka mifereji ikikauka. Ukishuku dengue, wacha aspirini na Brufen, zinaweza kuleta kuvuja damu. Na mtu akikuuzia maji ya shaba ama fedha eti yanaua virusi, mwambie apite.