Kutoa ni Moyo, Kuchagua ni Sikio

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukahitimishia insha kwayo na walimu wakatutuza alama. Ni methali ya kweli, tena ya faraja kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye mfuko wake haujapata kujaa. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini, ndugu msomaji, utaona kuwa inamzungumzia mtoaji peke yake. Kuhusu mpokeaji imenyamaza. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba kimya hicho kina gharama, na kwamba anayetaka kumtunukia mwenzake kitu cha bei nafuu hana budi kutanguliza sikio kabla ya moyo. Mfano wangu ni zawadi kwa mtu asiyekula wala kutumia chochote kitokacho kwa mnyama.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika mwaka wa kwanza wa uzamili, tarakilishi yangu iliibwa siku chache kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti. Mwenzangu wa darasa, ambaye hadi siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu mlangoni pa maktaba, aliniazima yake kwa majuma mawili, naye akawa anaandika kazi zake kwa kalamu. Nilipomaliza, niliona ni utovu wa adabu kuirudisha kwa mikono mitupu. Fedha sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni chupa ya asali niliyopewa na mama nilipotoka likizo nyumbani Kitui, asali ya mizinga ya magogo, nyeusi na nzito. Kwetu asali ni kitu cha heshima. Humwoni mtu akimpa yule asiyemthamini. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea mama heri.

Mwezi mmoja baadaye nilipita chumbani mwake kuchukua kitabu. Chupa ile ilikuwa rafuni, haijafunguliwa. Nikamwuliza kwa utani kama anaiweka akiba ya arusi. Akasita, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi sili asali. Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Lakini sikutaka kumrudishia mama yako asali yake."

Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa kuchelewa, kwamba kila tulipokwenda mkahawani na wenzetu yeye aliagiza chai ya rangi, na kwamba mayai aliyaachia wengine. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya macho yangu. Sikuwa nimeusoma, mimi ninayedai kusomea uhakiki wa matini.

Huenda kikwazo cha kwanza ni lugha yenyewe. Mtu wa namna hii tumwiteje? Wengi husema "mla mboga", lakini istilahi hiyo inayumba. Katika nyumba nyingi za Waswahili, hasa Tanzania, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali. Ukiuliza leo mboga ni nini, ukajibiwa kuwa ni samaki, hapana kosa la sarufi wala la maana. "Asiyekula nyama" nalo halitoshi, kwa kuwa wapo wengi wasiokula nyama lakini wanaokunywa maziwa na kupikia samli. "Mla majani" ni kebehi, na kebehi si istilahi. Mwezi wa Novemba mwaka 1944, nchini Uingereza, Donald Watson na wenzake walipounda chama chao walikabiliwa na tatizo hilohilo. Wakabuni neno jipya kwa kuunganisha herufi za mwanzo na za mwisho za neno la Kiingereza lililomtaja mtu asiyekula nyama. Mimi kwa sasa nitalitohoa neno lao, nilitie katika ngeli ya A-WA, niseme mvigani na wavigani, huku nikisubiri wanaisimu wetu watupatie lililo bora zaidi. Mvigani, basi, ni yule anayejiepusha na nyama, samaki, mayai, maziwa na asali, na aghalabu pia ngozi, sufu na hariri.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi. Heshima yetu imezoea kusema kwa kinywa cha mnyama. Mwanariadha anayerejea nyumbani na ushindi hulakiwa na Wakalenjin kwa kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa. Kwa Waluhya, kuku ndiye chakula cha mgeni wa heshima, na firigisi ina mwenyewe. Kwa Wakamba na Wakikuyu, jambo kubwa bila mbuzi halijawa jambo. Katika utaratibu huu, kukataa kipande ulichokatiwa ni kukataa mkono uliokukatia. Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Kifaransa, alieleza katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925 kuwa zawadi huambatana na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayekataa kupokea huonekana kana kwamba amekataa udugu wenyewe.

Zingatia basi nilichomfanyia mwenzangu. Nilimweka njiapanda: ama aimeze asali pamoja na dhamiri yake, ama amvunjie heshima mwanamke wa Kitui ambaye hajawahi kumwona. Alipata njia ya tatu, akaificha kweli kwa mwezi mzima. Mzigo wa zawadi yangu akaubeba yeye. Je, hiyo bado ni zawadi? Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunafundishwa kuwa fanani asiyeijua hadhira yake hutamba akajisikia mwenyewe. Mtoaji asiyemjua mpokeaji naye hujipa mwenyewe: hujipa furaha ya kutoa, akamwachia mwenzake kazi ya kutabasamu.

Najua kuna watakaopinga. Hoja ya kwanza nimeisikia mara nyingi katika mabweni yetu: kwamba haya ni mambo ya kigeni, mtindo wa walioshiba, na kwamba Mwafrika hana sababu ya kuyainamia. Hoja hii haina mashiko. Wajaini na Wahindu wengi wameishi Mombasa na Nairobi kwa vizazi kadhaa bila kula nyama. Marastafari wengi wana miiko yao ya chakula, na miongoni mwa Wasabato wapo walioacha nyama kwa hiari. Kweli, si wote hawa walio wavigani, maana wengi wao hutumia maziwa. Lakini hakuna anayeweza kudai kuwa kujinyima cha mnyama kumeingia nchini jana. Isitoshe, kila mmoja wetu, hata asiyekanyaga darasani, anajua kuwa hapeleki nyama ya nguruwe kwa jirani Mwislamu. Hatumdai kwanza atueleze hoja zake. Tunamheshimu, basi. Kwa nini heshima hiyo iishie kwa wenye miiko ya umma, na anayeshika mwiko wake peke yake ageuzwe kichekesho? Anayesimama peke yake ndiye anayehitaji heshima yetu zaidi.

Hoja ya pili ni ya mfuko. Wapo wanaodhani kuwa mvigani hulishwa vitu vya maduka makubwa tu, maziwa ya lozi na jibini isiyo jibini, ambavyo bei zake hazisemeki mbele ya mwanafunzi. Hapa ukweli umepinduliwa. Katika nchi hii ghali ni nyama. Cha bei nafuu ni mmea. Githeri, muthokoi na mbaazi za nazi ni vyakula vya mimea tangu vilipobuniwa, na muuzaji mboga wa mtaani ana duka la kivigani bila kujua. Niruhusu basi, msomaji, nitaje machache ambayo hayatamfilisi mtu.

La kwanza ni leso. Ni pamba, ina pindo na mji, na juu ya yote ina jina. Hakuna zawadi nyingine ya bei hiyo inayokuja na maandishi yake, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni matini kamili. Chagua jina kwa makini, kwa maana leso nyingine ni za kusutana. Usiivuke leso ukaenda kwenye hariri, kwani hariri hutokana na kifukofuko cha nondo, na kwa kawaida mdudu huuawa ili uzi utoke mzima.

La pili ni kiondo cha mkonge. Hapa nitoe tahadhari: vyondo vingi sokoni hutiwa mikanda ya ngozi, na vingine hufumwa kwa nyuzi za sufu. Mwulize msusi, mara nyingi anacho chenye mkanda wa kusukwa, na kwa kawaida ni cha bei ya chini kuliko kile cha ngozi.

La tatu ni chakula kikavu: kahawa ya Nyeri au Kirinyaga, korosho za Kilifi, makadamia za Murang'a, ukwaju, tende au sukari guru. Pakiti ndogo yatosha. Katika uwanja huu mitego ni mingi. Halua ya Mombasa hupikwa kwa samli. Kashata nyingine hutiwa maziwa, na chokoleti nyingi vilevile. Hata vitu visivyoliwa vina siri zao: mishumaa mingine ni ya nta ya nyuki, na sabuni nyingine hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe. Soma kibandiko, na pasipo kibandiko, uliza.

La nne ni mche. Kando ya barabara nyingi za miji yetu kuna vitalu ambapo mche wa mparachichi au wa ua hauzidi sana nauli ya kwenda na kurudi mjini. Zawadi hii hukua, na haimwii mpokeaji mzigo wa dhamiri. La tano, ambalo ni rahisi kuliko yote, ni kumkaribisha. Sufuria ya mbaazi za nazi na mahamri yaliyokandwa kwa tui huwapa watu wawili mazungumzo ya jioni nzima.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: kwamba nia ndiyo zawadi, na kwamba mpokeaji muungwana huitazama nia wala si kitu. Nakubali nusu yake. Mpokeaji naye ana wajibu. Apokee kwa adabu, aeleze bila kuhubiri, asimfanye aliyekosea ajione mchinjaji. Mwenzangu aliutimiza wajibu huo kuliko nilivyostahili. Lakini nia njema husamehe kosa la kwanza. Haiwezi kuhalalisha la pili. Nikishajua, halafu nikaleta asali tena nikisema nia yangu ni safi, hapo nia imekwisha kuwa kisingizio.

Baada ya mazungumzo yale nilimpigia mama simu. Nilihofu atakasirika, au atacheka, nami sikujua ni lipi lingeniuma zaidi. Nikamweleza.

"Mtoto wa watu hali asali?" akauliza.

"Hali, mama."

"Na ndengu anakula?"

"Anakula."

"Si ungesema mapema? Asali mpeni mwenye kikohozi."

Juma lililofuata gari la abiria lilinishushia kilo mbili za ndengu za shambani kwetu, zimechaguliwa mawe, zimefungwa katika kipande cha leso kuukuu. Nilipompelekea mwenzangu, alikifungua kile kitambaa, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza mama hupenda nini ili naye apate cha kumpelekea. Tangu siku hiyo hatusalimiani tu mlangoni pa maktaba.

Mama hajawahi kulisikia neno nililolitohoa hapo juu. Hakuuliza kwa nini mtu asile asali, swali ambalo sisi wasomi tungelijadili hadi usiku wa manane. Aliuliza anakula nini. Nadhani tofauti ya maswali haya mawili ndiyo kiini cha yote niliyotaka kusema. Swali la kwanza humweka mwenzako kizimbani. La pili humwandalia kiti.

Natamatisha kwa ombi kwa chama chetu. Katika tafrija zetu za mwisho wa mwaka hupikwa pilau ya nyama, na asiyekula nyama huondoka na kachumbari na soda. Tusijitetee kwa ukosefu wa fedha, kwani sufuria moja ya maharagwe ya nazi ni rahisi kuliko kilo moja ya nyama. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza wiki moja kabla. Methali ya wahenga haina kosa. Kutoa ni moyo kweli. Naomba tu tuisome sambamba na nyingine tuliyoizoea hadi tukaacha kuisikia: kuuliza si ujinga.