Aliyepika Naye Ale

Noeli ikikaribia hapa Bunyakiri, mazungumzo ni mamoja toka Bulambika mpaka Hombo: nani atachinja nini? Mwenye mbuzi anamtazama mbuzi wake, mwenye kuku anahesabu kuku zake, na asiye na kitu anamtafuta mtu wa kumkopesha. Hayo si mabaya. Sikukuu bila chakula ni maneno matupu. Lakini liko swali moja ambalo hatuliulizi, nalo lapita mengine yote: chungu kikifunuliwa, nani anaketi, na nani anabaki amesimama?

Tuseme wazi, ndugu wasomaji. Katika nyumba zetu nyingi mama huamka siku hiyo kabla ya jogoo. Anachota maji, anawasha moto, anatwanga sombe, anawaogesha watoto na kuwavika nguo safi ili waende Misa. Wakirudi, baba anaketi kivulini pamoja na wageni wake. Bugali unaletwa kwao, nyama nzuri inaletwa kwao, kasiksi inaletwa kwao. Watoto wakubwa wanapata mifupa, wadogo wanapata mchuzi. Mama anakula mwisho, peke yake jikoni, akikwangua chungu. Jioni baba anajinyosha na kusema: “Leo tumekula vizuri.” Tumekula, yeye na nani?

Najua majibu. La kwanza ni hili: “Ndiyo desturi ya wazee. Firigisi ni ya baba, wala mwanamke hali mbele ya wageni.” Haya, tuipime desturi. Muhogo tunaousongea bugali, wazee wa kale hawakuujua. Ulitoka Amerika, Wareno wakauleta pwani ya Kongo, ndipo ukafika mpaka kwetu. Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wangwana wa Tippu Tip. Hata sambaza tunaowapenda hawakuwako katika ziwa Kivu. Walitolewa katika ziwa Tanganyika mwaka 1959. Vitu hivyo vyote tulivipokea, wala hakuna mzee aliyefufuka kutukemea. Basi, kama tuliweza kubadili kilichomo chunguni, kwa nini tushindwe kubadili namna ya kukigawa? Au desturi ni takatifu tu pale inapomshibisha mwenye kuitetea?

Tena kuna watu waliobadili. Kwa Waganda, zamani mwanamke alikatazwa kuku na mayai. Alimfuga kuku, akampika, wala asimwonje. Leo, siku ya Noeli, kuku anafungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, ndiyo luwombo, na nyumba nzima inamla, mama na binti pamoja na wanaume. Je, Waganda wameacha kuwa Waganda?

Tuwatazame na wengine, kwa maana kila taifa lina namna yake ya kula sikukuu. Wakristu wa Ethiopia huadhimisha Noeli tarehe 7 Januari, baada ya kufunga nyama na maziwa kwa wiki nyingi. Siku hiyo watu wa nyumba wanazunguka sinia moja, na mmoja anamega chakula na kumtia mwenzake kinywani kwa mkono wake. Ni alama ya heshima na upendo. Kwa Waislamu wa Unguja na pwani yote, sadaka ya mwisho wa Ramadhani lazima imfikie maskini kabla ya sala ya Idi, ili asikose chakula siku wenzake wanapokula pilau. Wapolandi, usiku wa kuamkia Noeli, hungojea nyota ya kwanza itokee, halafu huketi na kula bila nyama. Na mezani huacha nafasi moja wazi, pengine mgeni atabisha hodi. Watu hao hawafanani kwa lugha, wala kwa dini, wala kwa chakula. Lakini wote wamejua jambo moja: kabla ya kuuliza kuna nini sahanini, uliza nani bado hajafika.

Jibu la pili ninalolisikia ni hili: “Nyama ni kidogo, haitoshi watu wote.” Kweli, nyama ni kidogo. Lakini kwa nini uchache huo daima umwangukie mama na mtoto? Sisi wa Kivu tunaujua ugonjwa wa bwaki. Mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, hachezi tena, analia tu. Huko Lwiro, katika Kabare, kilianzishwa kituo cha uchunguzi mwaka 1947, na waganga wake wameuchunguza ugonjwa huo miaka mingi na kuwatunza watoto wenye kuugua. Jina lake la kitaalamu, kwashiorkor, limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana. Kwao ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Sikieni jina hilo vizuri: ni ugonjwa wa aliyesogezwa pembeni. Muhogo unashibisha tumbo, lakini peke yake haujengi mwili. Mwili wa mtoto unataka maharage, samaki, mayai, nyama. Na mama mwenye mimba au mwenye kunyonyesha anataka hivyo hivyo, maana anakula kwa ajili ya wawili.

Mtu atasema: “Kipande kimoja cha nyama siku ya Noeli hakimponyi mtoto wa bwaki.” Hakika hakimponyi. Lakini sikukuu ni shule. Siku ile kubwa mtoto anafungua macho kuona nani ni wa kwanza na nani ni wa mwisho, na analolijifunza Noeli atalifuata mwaka mzima. Akiona kila mara kipande kizuri kinakwenda kwa mwenye nguvu, naye akikua atakitwaa kwa nguvu. Akimwona baba yake akimega na kumpa mama kwanza, hatasahau.

Jibu la tatu linatoka kwa akina mama wenyewe: “Mimi nimezoea. Nikiketi, nani atawahudumia wageni?” Mama, nakujibu kwa heshima: wanao wa kiume wana mikono. Kuchota maji ya kunawa hakumpunguzii kijana cheo, wala kuosha sahani hakumwondolei ujana wake. Nanyi wanaume, msiseme kazi ya jikoni ni nyepesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako pia wanaodhani dawa ni kununua zaidi. Wanakopa franka, wanarudi toka Bukavu na mchele, makayabu na chupa za pombe, ili majirani waseme kwamba kwa fulani kulikuwa na Noeli. Mwezi wa kwanza mwenye deni anakuja, na kijana wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu ada haikulipwa. Sikukuu ya siku moja imekula masomo ya miezi mitatu. Afadhali maharage yenye mawese na sambaza wachache, watu wote wakila pamoja, kuliko mbuzi wa deni anayeliwa na wanaume watano.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa jambo hili hili. Walikutanika kula pamoja, lakini kila mtu alitangulia kula chakula chake; huyu akabaki na njaa, na yule akalewa. Aliwauliza kama wanataka kuwaaibisha wasio na kitu. Na Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori la Noeli huko Greccio mwaka 1223, hakuchukia nyama hata kidogo. Alitaka siku hiyo matajiri wawashibishe maskini, hata ng’ombe na punda waongezewe majani. Ikiwa ng’ombe wamekumbukwa, itakuwaje mama wa nyumba asahauliwe?

Wala tusiishie mlangoni petu. Tangu mwaka 1996 vita imewakimbiza watu mara nyingi katika vilima hivi. Watembo, Wahavu, Washi, Warega, wengi wetu tumewahi kulala katika nyumba ya mwingine na kula katika chungu cha mwingine. Watwa nao waliondolewa katika msitu wa Kahuzi baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1970, na wengi wao hawana shamba hata leo. Aliyewahi kupokelewa anajua ladha ya chakula cha kukaribishwa. Haifai asahau.

Basi tufanye hivi Noeli ijayo. Kwanza, vijana wa kiume wachukue kazi: kuni, maji, vyombo. Pili, chakula kisiguswe mpaka aliyekipika ameketi, na mgawo uanze kwa mama na kwa mtoto mdogo. Tatu, sahani moja iwekwe kwa mtu asiye wa ukoo, naye aitwe kwa jina lake.

Hayo hayahitaji deni, wala hayamngojei mbuzi anenepe. Baba, kabla hujanawa mikono, utazame mkeka. Kama mama hayupo, ngoja.