Kibandiko cha Kiswahili kwa Mwenye Pumu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naomba mamlaka unayoiongoza iagize kila dawa ya jamii ya vizuizi vya beta, wanayopewa wagonjwa wa moyo na presha, ibandikwe maneno haya: "Kama una pumu, sema kabla ya kutumia." Yawe kwenye boksi, na hata kwenye bahasha ya vidonge vya kuhesabiwa, maana karatasi ya maelezo hubaki dukani. Hatari yenyewe si ngeni. Propranolol, mojawapo ya dawa hizo, ilipokuwa bado changa, mwaka 1964, jarida la Lancet lilikwisha kueleza inavyowabana wenye pumu. Moyo una vipokezi vya beta-1, na dawa ikivifunga mapigo hutulia. Mirija ya hewa ina beta-2, ambavyo salbutamol ya kwenye pampu huviamsha ili kifua kifunguke. Propranolol haichagui, inafunga vyote. Mgonjwa akibanwa, anavuta pampu na nafuu haiji, kwa kuwa mahali pa dawa kushika pamekwisha kukaliwa. Matone ya timolol, ya presha ya macho, ni ya ukoo huohuo: hupita mfereji wa machozi hadi puani, yakaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Nani aendaye kutibiwa jicho hukumbuka kutaja kifua?

Wapo watakaosema daktari huuliza. Huuliza, lakini pumu inaweza kuwa kwenye faili la kliniki nyingine, na wengine hawaihesabu pampu kuwa dawa. Hoja nzito zaidi ni kwamba onyo litatisha watu. Ni kweli, na kuacha ghafla vidonge hivi kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua, hata shambulio la moyo. Tena bisoprolol na wenzake, wanaoelemea zaidi beta-1, daktari anaweza kumpa mwenye pumu kwa dozi ndogo na uangalizi, ingawa uchaguzi huo hufifia dozi ikipanda. Ndiyo maana sisemi kibandiko kikataze. Kiseme "sema", kisha mstari wa pili: "Usiache dawa bila kumwona daktari."

Kama vibandiko vya dawa zote ni vingi mno kwa mwaka mmoja, anzeni na propranolol na timolol.

Wasalaam.