Dogo, vanishi haizuii jua

Mdogo wangu amenuna. Wiki ya pili hii hapokei simu yangu, na chanzo ni kikaratasi kisichozidi ukubwa wa kadi ya biashara.

Huyu bwana mdogo anachonga daladala. Daladala ndogo za mbao zinazoenea kiganjani, anazitoa kwenye vipande vinavyobaki kwa seremala, kisha anazipaka rangi kwa brashi yenye nywele chache kuliko kichwa cha mjomba wetu. Madirisha yamo, konda ananing'inia mlangoni, mstari wa njia umo ubavuni, na maneno ya nyuma anayaandika mwenyewe. Wanunuzi ni watalii na Wabongo wanaorudi ughaibuni, watu wanaotaka kubeba kipande cha Dar kwenye begi. Sasa amepata vanishi mpya ya spreyi, kopo lina picha ya jua, na akaja kwangu mbio: "Dada, si wewe ndiye mwandishi? Niandikie ya kubandika chini ya gari. Andika: Rangi haipauki, imekingwa na jua."

Nikakataa. Yeye anasema nabania. Naomba nijieleze hapa, maana simu hapokei.

Daladala yake ya kwanza ninayo mimi. Ilikuwa na mstari wa zambarau, nikaiweka kwenye dirisha la chumba changu linalotazama magharibi, nikawa naitazama kila jioni nikiandika. Ilikuwa imepigwa spreyi mara mbili, ile ile ya kuzuia jua. Kabla ya miaka miwili kwisha, zambarau ilikuwa imegeuka bluu. Kwa mtu wa Dar hiyo si ajali ndogo: mstari ukibadilika rangi, basi limehama njia, na sidhani kama LATRA walitoa kibali. Ukiigeuza chini, pale ambapo jua halikufika, zambarau ipo kama siku aliyonipa.

Kilichotokea si miujiza. Zambarau ile aliichanganya mwenyewe, nyekundu na bluu. Nyekundu ikafa, bluu ikabaki. Na kabla hujamcheka dogo, kumbuka yamemkuta hata Vincent van Gogh. Chumba chake cha kulala cha Arles alichokichora mwaka 1888, kile ambacho sote tunakijua kwa kuta za bluu, alikipaka kuta za zambarau. Nyekundu iliyokuwa ndani yake ndiyo iliyopotea. Mark Rothko naye alichorea Chuo Kikuu cha Harvard picha kubwa za rangi ya damu ya mzee, zikatundikwa mwaka 1964 kwenye chumba cha kulia chenye madirisha makubwa. Mwaka 1979 ziliondolewa, zimepauka vibaya. Zilipoonyeshwa tena mwaka 2014, ilibidi wazimulikie mwanga wa projekta uliopangwa kwa kompyuta ili macho ya watazamaji yaone rangi iliyokuwepo zamani. Wewe unayeuza daladala kwenye kibanda, projekta utaipata wapi?

Sasa hesabu kidogo. Majumba ya makumbusho yakionyesha kazi zinazoumia upesi kwa mwanga, kama michoro ya rangi za maji, hupunguza taa mpaka karibu lux 50. Jua la mchana nje linafika lux 100,000. Kwa hesabu ya mwanga peke yake, saa 1 ya jua kali ni sawa na saa 2,000 za makumbusho, yaani siku 250 za kufungua mlango saa 8 kila siku. Dogo anatoa daladala zake saa tatu asubuhi, anazipanga juu ya meza mbele ya kibanda, anazirudisha jioni. Fanya mwenyewe hesabu iliyobaki.

Hapa ndipo watu wanapochanganya, na nakiri hata mimi nilichanganya. Vanishi ya kuzuia jua ni kitu halisi, si utapeli. Ndani yake kuna kemikali zinazofyonza mionzi ya urujuanimno, ile tusiyoiona kwa macho. Inasaidia hasa ile "gundi" inayoshika chembe za rangi, isipasuke wala kutoa unga ukipitisha kidole, kama unavyoona kwenye milango ya mafuta iliyokaa juani miaka mingi. Lakini rangi dhaifu haiuawi na mionzi hiyo peke yake. Mwanga wa kawaida tunaouona nao unaimaliza, na vanishi ikizuia mwanga huo hutaona kitu, utakuwa umepaka lami! Kioo cha dirisha nacho ni hivyo hivyo: kinachuja sehemu ya urujuanimno, sehemu nyingine kinaipitisha, na mwanga wa kawaida unapita kama hauna mpinzani.

Ndiyo maana nasema dogo anatafuta dawa kwenye duka lisilo lake. Anazunguka Kariakoo akilinganisha makopo ya vanishi wakati swali la kwanza lilitakiwa kuwa: nyekundu hii ni nyekundu gani? Rangi nzuri za wachoraji zina alama kwenye tyubu. Ukiona PR101, hiyo ni kutu ya chuma, ndugu wa ule udongo mwekundu unaochafua suruali, na jua haliifanyi kitu. PR83, ile nyekundu nzuri ya kuiva, inakimbia. PB15, bluu, ni ngangari, ndiyo maana basi langu liliishia kuwa bluu. Rangi zile za kuwaka kama koti la trafiki ndizo za kwanza kufa, na ndizo dogo anazozipenda kuliko zote.

Alinijibu kwa hasira: mbona Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi ya baiskeli na leo dunia nzima inamjua? Kweli, na mimi naipenda historia hiyo. Ila picha inayoning'inia ukutani sebuleni haiishi maisha ya basi linalokaa dirishani. Na kopo la rangi ya dukani halikuambii ndani kuna chembe gani. Unanunua jina tu: nyekundu.

Haya, lakini vanishi lazima upake. Mikono ina jasho, vumbi halina adabu, na safari ya kwenye begi ni mikwaruzo mitupu. Ipi basi? Kwa kitu kidogo cha kukaa ndani, mimi nachagua vanishi ya akriliki ya wachoraji, iliyoandikwa kwamba haigeuki njano na ina kinga ya urujuanimno. Tabaka jembamba, ikauke, jingine jembamba. Ile isiyong'aa ukiimwaga nene inaacha ukungu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao chenye rangi ile ile, kwa sababu vanishi yenye thina kali inaweza kuinua rangi ya chini ikajikunja. Na usipulize siku za masika: hewa ikiwa na maji mengi, spreyi inaweza kukauka nyeupe kama imepakwa maziwa.

Vanishi ya fenicha, hapana. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuchukua masalia kwa fundi aliyetengeneza kabati letu, nikaipaka daladala nyeupe niliyotaka kumpa rafiki zawadi ya harusi. Baada ya miezi michache ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Vanishi hizo nyingi zina umanjano kwenye damu. Juu ya mninga unapendeza, juu ya nyeupe ni msiba.

Kuna na ile ya gereji, ya kuchanganya na hadina. Jamaa mmoja alimshauri dogo kwamba ndiyo kiboko, kwani magari hayashindi juani? Yanashinda, sawa. Lakini hadina hizo huwa na kemikali zinazoharibu mapafu, na fundi makini anapuliza akiwa na kinyago cha kazi, penye hewa. Dogo anapulizia chumbani anakolala. Kwa hili sitaki hata mjadala.

Jambo moja lingemaliza ubishi wetu. Achukue ubao, apake kila rangi aliyonayo mistari miwili, mmoja wenye vanishi na mwingine bila. Nusu ya ubao aifunike kwa foili, aupige misumari juu ya paa la kibanda, afungue baada ya miezi mitatu. Rangi zitakazobaki azitumie, zilizokimbia awape watoto wachoree barabarani. Hakuna kopo litakalomwambia zaidi ya hapo. Tena ahamishie meza yake upande wa kivuli, bure kabisa.

Kikaratasi nimekiandika. Kinasema: "Imechongwa na kupakwa kwa mkono, Dar es Salaam. Iweke ndani, mbali na jua." Nilimtumia kwa simu Jumapili. Amesoma, tiki mbili za bluu naziona, hajajibu. Nasikia kutoka kwa mama kwamba analalamika nimemwandikia tangazo la kufukuza wateja. Ila mama anasema pia kuna ubao umepigwa misumari juu ya paa.