Insia si jaa la walioshindwa na hesabu

Jumamosi moja nilialikwa katika boma moja nje kidogo ya mji wa Keroka, kwenye kikao cha kuchangia karo ya msichana niliyemfundisha kwa miaka minne. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya sanaa katika chuo kikuu cha umma, naye akachagua historia na fasihi. Wazee walikuwa wameketi, chai imekwisha kuandaliwa, na daftari la michango liko mezani. Ndipo baba yake mdogo aliposimama na kuuliza: "Mwalimu, udaktari tunaujua, na uhandisi tunaujua. Hiyo historia inatibu nini?" Watu wakaangua kicheko. Msichana akainamisha kichwa.

Nakiri kwamba swali lile lilinitahayarisha, kwa sababu mbegu yake niliipanda mimi mwenyewe. Ni mara ngapi nimesimama mbele ya darasa nikiwaonya wanafunzi kwamba asiyejitahidi katika hesabu na fizikia ataishia kusoma sanaa? Walimu wenzangu mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba siko peke yangu katika kosa hilo.

Wala simlaumu mzee yule. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023 ulizipangia familia viwango vya kuchangia karo kwa kadiri ya uwezo wao. Mzazi anayeuza ndizi ili alipe ana haki ya kuuliza atavuna nini. Lakini haki ya kuuliza huenda pamoja na haki ya kujibiwa, na jibu hilo sisi wasomi hatujalitoa ipasavyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Makerere, mama wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ilianza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi. Mkoloni alihitaji mikono ya Mwafrika, si fikra zake. Masomo ya fikra yalipopata nafasi, matunda yake yalionekana. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alisomea fasihi huko huko Makerere. Mwaka wa 1968, akiwa mhadhiri Nairobi, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Leo mwanafunzi wa Keroka akifungua riwaya ya Mwafrika darasani, haoni ajabu yoyote. Njia hiyo ilichongwa na wasomi wa sanaa. Kadhalika, Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyo juu ya meza yangu ilitoka mwaka wa 1981 katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sijui mwalimu wa Kiswahili angefanyaje kazi bila matunda ya wasomi hao.

Vyuo vyetu vikubwa vimejaribu kuyapa masomo haya nyumba yake. Dar es Salaam kuna Ndaki ya Insia, yaani koleji ya lugha, historia, falsafa na sanaa ndani ya chuo kikuu. Makerere iliunda koleji ya insia na sayansi za jamii ilipojipanga upya mwaka wa 2011. Nairobi nayo ilikuwa na koleji ya aina hiyo tangu miaka ya 1980, hadi mwaka wa 2021 baraza la chuo lilipoamua kuondoa mfumo wa koleji na kuvikusanya vitivo. Sitaki kubishana kuhusu vyeo vya wakuu wala vibao vya milangoni. Ninalouliza ni hili: ndani ya nyumba hiyo mwanafunzi anapata nini? Akirundikwa na mamia ya wenzake katika ukumbi mmoja, insha yake isisomwe na mtu, na akae miaka minne bila kuulizwa anafikiri nini, basi mzee wa Keroka ana haki ya kucheka.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wetu umekaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, na kaunti hizo zimezozania ushuru wa soko letu. Si mbali na hapa, mapema mwaka wa 2008, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto baada ya uchaguzi. Nyumba zikachomwa na watu wakauawa. Mpimaji ardhi hodari anaweza kutuonyesha jiwe la mpaka lilipo. Lakini ni nani atakayetueleza ardhi hii iligawanywa vipi na serikali ya kikoloni, uvumi huenezwaje, na majirani huongea lugha gani wanapotaka kupatana? Hizo ni kazi za mwanahistoria na mwanaisimu, na tunapozikosa, gharama yake ni makaburi.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kilichipuka kutokana na chuo cha walimu kilichoanzishwa mwaka wa 1965, kikalelewa na Egerton tangu 1994. Chenye asili hiyo chajua thamani ya mtu anayemsomea mwenzake kazi na kuisahihisha. Ningependa vyuo vyetu vyote vya umma vifanye mambo matatu: madarasa ya insia yawe madogo kiasi cha mhadhiri kumjua mwanafunzi wake, mwanafunzi wa uhandisi na wa udaktari asome historia na lugha kwa dhati, si kwa kutimiza ratiba, na mwanafunzi wa sanaa naye asiikimbie takwimu wala kompyuta.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Mtaala wa Umilisi umewapa wanafunzi wa shule za upili za juu njia tatu, na sayansi za jamii ni mojawapo. Tukiigeuza njia hiyo kuwa jaa la walioshindwa, tutakuwa tumewahukumu watoto kabla hawajaanza safari.

Siku ile nilimjibu mzee hivi: "Historia haitibu malaria. Lakini wewe ulikuwapo mwaka wa 2008. Niambie, ni dawa gani ya hospitali iliyozima moto ule?" Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Mwalimu, basi hakikisha wanamfundisha kweli." Akatia mchango wake. Ombi lake ndilo ninalolipeleka kwa wakuu wa vyuo vikuu, na kwa mwalimu mwenzangu atakayeingia darasani Jumatatu.